Mbwa wa Mkataba

Mke wangu hakumpenda yule mbwa. Naanza na hilo kwa sababu watu wakinisikia nikieleza kisa hiki hudhani sisi ni wale wa kumvalisha mbwa sweta na kumkatia keki ya siku ya kuzaliwa. Mke wangu ni muuguzi. Amelelewa Machakos kwenye boma ambalo mbwa alikula makombo na kulala nje, na hakuna aliyemuuliza kama ameshiba. Siku nilipomleta yule mbwa nyumbani kwetu Barking, London, alisimama mlangoni akiwa na mwiko mkononi, akamkagua kuanzia masikio hadi mkia, kisha akaniuliza:

"Huyu mgeni wako atakaa mpaka lini?"

"Mpaka afe," nikasema.

"Haya. Lakini chumbani haingii."

Hakuingia chumbani. Alichagua mwenyewe pa kulala, kwenye zulia la mlangoni, pua ikielekea ule ufa wa chini ambako upepo wa barabarani hupenya. Kwa miaka yote aliyoishi nasi, mke wangu aliendelea kumwita mgeni wako. "Mgeni wako amemwaga maji." "Mgeni wako anataka kutoka." Hakuwahi kumpapasa kichwa.

Mimi na huyo mbwa tulijuana zamani. Nilikuwa polisi Kenya, kitengo cha mbwa, nikifundishwa na kufundisha wengine jinsi ya kutafuta vilipuzi. Kampuni moja ya ulinzi ikaja Nairobi ikitafuta watu wenye ujuzi kama wangu, nami nikaacha kazi ya serikali nikaenda Afghanistan. Tulikuwa Wakenya, Waganda na Wanepali. Tulilinda kambi ya jeshi la Uingereza, na zamu yetu ilikuwa lango la nje kabisa, lile ambalo kila lori la chakula, la maji na la kokoto lilipitia kabla halijamkaribia mwanajeshi yeyote. Kama lori lina bomu, linalipukia wapi? Linalipukia langoni. Ndiyo maana langoni hawakuwekwa wao, tuliwekwa sisi.

Mbwa niliyepewa alikuwa Labrador jike, rangi ya chapati ya atta, mwenye kovu dogo juu ya jicho. Kampuni ilimfundisha kwa Kiingereza, lakini mimi nilimsemesha Kiswahili kwa sababu sikutaka asikie amri za watu wengine akachanganyikiwa. Nikisema "Tafuta," anaingia chini ya lori akitambaa. Nikisema "Njoo," anarudi. Akipata kitu hakubweka wala kukwaruza. Aliketi tu, kimya, macho kwangu. Hivyo ndivyo anavyofundishwa mbwa wa mabomu.

Jeshi lenyewe lilikuwa na mbwa wake, huko ndani. Mabanda yao yalikuwa na kiyoyozi. Wa kwetu walikaa chini ya mabati, na jua la kule lilipochemka tuliwatandikia magunia yaliyolowekwa maji, tukiyageuza yakikauka. Mbwa wa jeshi akiumia, helikopta inaitwa. Wa kwetu akiumia, unamwita daktari wa wanyama wa kampuni, mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa peke yake kwa mbwa wote wa malango yote, na unaomba awe hajalala. Sisi wenyewe tulikula kwenye bwalo letu, na bwalo la wanajeshi hatukuruhusiwa kutia mguu. Tulikuwa watu wa mkataba, na yeye alikuwa mbwa wa mkataba. Nilidhani nimelizoea neno hilo.

Asubuhi moja liliingia lori la vitunguu. Dereva alikuwa mzee tuliyemjua, alikuja karibu kila wiki. Mbwa akazunguka upande wa kushoto, akapita magurudumu ya nyuma, akarudi, akaketi. Nikamwita aendelee, ili nihakikishe. Hakuendelea. Alinikazia macho. Nikapiga kelele watu wakimbie, nikamvuta kamba tukatoka mbio naye, na yule mzee dereva akabaki amekaa mchangani akilia, kwa sababu naye hakujua alichokuwa amebebeshwa. Wataalamu wa jeshi wakaja na mashine yao. Chini ya vitunguu, kwenye sakafu ya lori, mlikuwa na kitu ambacho mmoja wao aliniambia baadaye kingelifikisha lango letu kwenye bwalo lao vipande vipande.

Jioni wakaja wanajeshi na kamera. Walitaka picha na mbwa shujaa. Wakamzunguka, wakamshika masikio, wakacheka, wengine vijana wadogo kabisa, nyuso zimeungua kwa jua. Nilikuwa nimeshika kamba. Mpiga picha akanionyesha kwa kidole akasema, kwa adabu kamili, "Sogea kidogo, tafadhali. Sare yako inaharibu picha." Nikasogea. Niliiachia kamba ndefu ili nisionekane.

Mkataba ulipoisha, kampuni ilifunga virago kwa siku chache. Mbwa vijana waliuzwa kwenye mikataba mingine. Waliozeeka walikuwa wadungwe sindano wafe, kwa sababu kuwasafirisha kulikuwa hasara. Yule daktari aligombana na kila aliyekuwa na cheo. Mimi nilipandishwa ndege ya Nairobi pamoja na wenzangu, na sikupewa nafasi ya kwenda mabandani kuagana. Nilidhani amekufa.

Hakufa. Yule daktari alihangaika huku na kule na marafiki zake, akamfikisha Uingereza pamoja na wengine kadhaa. Wakati huo mke wangu alikuwa tayari anafanya kazi London, nami nikamfuata. Nilikuwa nimepata kazi ya ulinzi kwenye majengo yanayojengwa huko Ilford wakati daktari aliponitafuta mtandaoni. Aliniambia kwamba mbwa wangu yuko kwenye makao ya wanyama na kila anayemchukua anamrudisha, eti ana tabia ya ajabu, haketi akiambiwa aketi na anaketi asipoambiwa. Nilicheka mpaka nikalia. Nikaenda kumchukua kwa treni. Aliponiona hakurukaruka kama mbwa wa kwenye runinga. Alikuja polepole, akanusa mikono, akanusa viatu, kisha akasimama upande wangu wa kushoto, pale alipozoea kusimama.

Alikuwa anakielewa Kiswahili kuliko watoto wa kanisani kwetu, na mke wangu mwenyewe aliwahi kulisema hilo mbele ya wazazi wao.

London hakuacha kazi. Tukitembea, hapiti gari lililoegeshwa bila kunusa magurudumu. Siku moja karibu na maduka ya Ilford akaketi kando ya gari dogo la mizigo. Aliketi vile vile, kimya, macho kwangu. Najua nilipokuwa. Najua kulikuwa na akina mama na mifuko ya mboga na basi likishusha watu. Lakini mwili haukujua. Niliwapanulia watu mikono warudi nyuma, nikapaza sauti, na watu wakanitazama kama mwendawazimu. Mwenye gari akatoka dukani, Mhindi mmoja mchangamfu, akafungua mlango wa nyuma. Lilijaa fataki za sikukuu ya Diwali.

"Mbwa wako anataka sherehe?" akaniuliza.

Nikamwomba msamaha. Nikaenda kukaa kwenye ngazi za benki. Mbwa aliendelea kuketi pale pale mpaka nilipomwambia, "Vizuri. Njoo." Hakukosea. Fataki ni baruti.

Kwenye bustani ya Barking tulikutana na mzee mmoja Mwingereza aliyekuwa akimtembeza mbwa wake aliyezeeka kama yeye. Alimtazama wa kwangu mara moja tu.

"Huyu ni mbwa wa kazi," akasema. "Alikuwa wapi?"

Nikamwambia. Akaniambia na yeye alikuwa askari na mwongoza mbwa, miaka mingi, kabla ya vita vile. Tangu siku ile tukawa tunatembea pamoja asubuhi zangu za mapumziko. Mke wake alikuwa amefariki. Nilimfundisha neno "mzee" na maana yake kwetu, akalipenda, akawa anajitambulisha nalo kwa simu. Mbwa wake alipokufa nilimsindikiza kumzika.

Hapo ndipo nilipoiona ile bustani ya makaburi. Iko ukingoni mwa London, upande wa Essex, na inaendeshwa na askari wastaafu wenyewe kwa kamati yao. Wanadamu wana mistari yao ya mawe, na kwenye kona, chini ya miti, kuna sehemu ya mbwa waliotumikia jeshi, kila mmoja na jiwe dogo lenye jina na kazi yake. Wakamzika wa mzee kwa bendera na tarumbeta. Sikuona cha kuchekesha. Nilisimama wima kama wengine, na nikaona ni jambo la haki, kwamba mnyama aliyetumwa pale asipojichagulia awekewe angalau jiwe. Wakati wa kuondoka mzee akaniwekea mkono begani, akamtazama mbwa wangu aliyekuwa ameanza kuchechemea.

"Na huyu atalala hapa hapa," akasema. "Usiwe na wasiwasi. Niachie mimi."

Ni yeye aliyesema. Sikumwomba.

Mbwa wangu alikufa asubuhi, mke wangu akijiandaa kwenda kazini. Figo zilikuwa zimechoka. Mke wangu alipiga magoti kwenye zulia akiwa na sare yake, akaweka vidole viwili upande wa ndani wa paja la mbwa kama anavyofanya kwa wagonjwa wake, akangoja, akasema, "Amekwenda." Kisha akapiga simu kazini kusema atachelewa, jambo ambalo sijawahi kumsikia akilifanya kwa ajili yangu. Tulipeleka mwili ukachomwa, tukapewa majivu kwenye kisanduku cha mbao.

Mzee alisema kamati inakutana mwanzoni mwa mwezi na ni utaratibu tu. Nilivaa suti. Mke wangu alikuja moja kwa moja kutoka zamu, koti juu ya sare, kwa sababu alisema hawezi kuniacha nibebe sanduku peke yangu kwenye basi kama mtu aliyefukuzwa nyumba. Kabla ya kikao tulipita kule konani. Mke wangu alisoma mawe yote, jiwe kwa jiwe, midomo ikitembea. Kwenye moja alisimama sana. Lilikuwa la mbwa wa gwaride, aliyekuwa akitembea mbele ya bendi akiwa amevaa koti la zari. Hakuwahi kutoka Uingereza. Jiwe lenyewe lilisema hivyo, kwa fahari.

Kikao kilikuwa ndani ya chumba chenye birika la chai na picha ya mfalme. Mwenyekiti alikuwa mwanamume mrefu, nadhifu, sauti laini. Mzee alikuwa amekaa pembeni ya meza, ni mwanakamati. Mwenyekiti akatukaribisha, akatupa pole, kisha akasema:

"Tumesoma habari zake na lile lori la vitunguu, na hakuna anayekataa kwamba alifanya kazi nzuri. Tatizo ni kwamba bustani hii ni ya waliotumikia. Huyu alikuwa mali ya kampuni. Tukifungulia mlango mbwa wa mkataba, hatutajua pa kuishia."

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nimeyasema bafuni, nimeyasema kwenye basi kimoyomoyo. Nikafungua mdomo, na kitu kilichokuja si maneno, ni lile joto la mabati, na magunia, na yule mpiga picha akinionyesha kwa kidole.  Nilisimama pale na suti yangu nikipepesa macho kama mtu aliyesahau jina lake.

"Tunachoweza kufanya," mwenyekiti akaendelea, akidhani nimeridhika, "kule kwenye uzio tuna sehemu ya wanyama wa nyumbani wa marafiki wa bustani. Hakuna mawe, lakini ni pazuri. Kuna maua wakati wa machipuko."

Nikasikia kiti cha mke wangu kikisukumwa.

Kiingereza chake ni kile cha wodini, kifupi, hakina mapambo. "Mimi sipendi mbwa," akasema. "Huyu ameishi kwangu miaka na sikuwahi kumshika kichwa. Kwa hiyo msinitazame kama mama anayelilia kipenzi chake. Nina swali. Lile lori la vitunguu lilikuwa linampelekea nani chakula?"

Mwenyekiti akapekua karatasi zake.

"Si swali gumu. Vile vitunguu vingeliwa na nani?"

"Na wanajeshi wetu, nadhani," mwenyekiti akasema.

"Basi alimtumikia nani? Kampuni haili vitunguu."

Mmoja wa wanakamati akatazama dirishani. Mke wangu hakukaa.

"Na yule wa koti la zari hapo nje, yeye alinusa nini?"

Mtu mmoja alicheka, akaziba mdomo kwa mkono. Mwenyekiti akashusha miwani.

"Asante sana, bibi. Tunathamini hisia zako."

Hisia! Mke wangu hakuwa na hisia pale, alikuwa na swali. Alikuwa na swali ambalo hata mtoto angelijibu, na watu wazima waliojaa kwenye ile meza, wengine wenye nishani kifuani, walilipita kama kinyesi barabarani. Nimeambiwa maneno makali katika maisha yangu, kambini na hapa London pia, na mengi nimeyasahau. Hiyo "tunathamini hisia zako" nitakufa nayo.

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Wanaokubali: wawili, mmoja akiwa yule aliyecheka. Wanaokataa: wengi. Nilimtafuta mzee kwa macho. Mikono yake ilikuwa mapajani, inakunjakunja kofia. Haikunyooka kukubali, haikunyooka kukataa. Aliitazama kofia kana kwamba imeandikwa kitu. Hata angenyoosha tusingeshinda, nalijua hilo, wala halinipozi.

Mwenyekiti akaandika kitu, akauliza kama tungependa chai.

"Hapana," mke wangu akasema. Akachukua kile kisanduku mezani kabla sijakifikia, akakiweka chini ya kwapa, akatoka. Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyomwona amembeba.

Tukapanda basi. Tulipofika Romford, tukingoja treni, akanigeukia.

"Kwenye uzio hazikwi."

"Hazikwi," nikasema.

"Wanadhani tumekuja kuomba. Tulikuja kuwaletea mtu wao."

Alisema mtu. Sikumsahihisha.

Kile kisanduku kilikaa kwetu sebuleni miezi kadhaa, kando ya runinga. Mchungaji alipokuja kutembea aliuliza ni cha nini, mke wangu akamwambia, naye mchungaji akajibu kwamba Wakenya tukikaa sana huku tunaanza kuiga mambo. Nilitoka nje nikasimama barazani mpaka akaondoka, ama sivyo ningemkosea adabu mtumishi wa Mungu. Nilikuwa na hasira na kila mtu wakati ule. Niliwakasirikia wanaopiga picha na sanamu za mbwa mashujaa. Kazini, kijana mmoja aliponiambia kwamba jina langu limetolewa kwenye orodha ya chakula cha Krismasi kwa kuwa mimi nimeletwa na wakala wa ajira, si mfanyakazi hasa, niliondoka nikaenda kukaa chooni, maana mkono ulikuwa umeshakunja ngumi.

Kisha mzee akaja nyumbani. Nilikuwa nimeacha kwenda bustanini kwa saa alizozoea. Alikuja amechana nywele, amevaa tai. Nilimfungulia mlango lakini sikumwambia aingie.

"Nimefikiria njia," akasema. "Mimi nina nafasi yangu kule, nimeshatengewa. Mwanachama anaruhusiwa kuzikwa na mbwa wake. Tumweke kwenye nafasi yangu. Nitasema ni wangu. Hakuna atakayeuliza."

Nilimtazama. Alikuwa ananipa kitu kikubwa, na nilikiona ukubwa wake. Alikuwa ananipa nusu ya kaburi lake.

"Lakini hakuwa wako," nikasema.

"Najua. Ni namna tu ya kumwingiza."

"Kwa jina lako."

"Kwa jina langu, ndiyo. Haikupaswa iwe hivi, lakini ndivyo sheria—"

"Ulikuwa pale," nikasema. "Ulikuwa na mkono. Hukuhitaji kaburi, ulihitaji mkono tu."

Akaitazama sakafu, lile zulia la mlangoni. Halafu akasema jambo ambalo naamini lilikuwa la kweli.

"Wale ndio watu nilio nao. Tangu mke wangu afe sina pengine pa kwenda. Nikigombana nao, nitakaa nyumbani na ukuta."

Nilimwelewa, na ndipo hasira iliponizidi, kwa sababu angekuwa mtu mbaya ningemfungia mlango nikalala vizuri. Huyu alikuwa mtu mwema aliyeogopa kukosa chai ya kila Jumatano na wenzake wa kamati. Na huo wema wake ulikuwa unataka mbwa wangu aliyekaa langoni badala ya jeshi zima aingie ardhini kwa kufichwa, kama mnyama wa kufugwa wa Mwingereza, huku mimi nikisogea kidogo tena nje ya picha.

"Asante," nikasema. "Nenda nyumbani, bwana."

Alilisikia lile neno. Alijua nilikuwa nikimwita mzee, na alijua nimeliacha jina hilo kwa makusudi. Akavaa kofia, akashuka ngazi akishikilia ukuta. Sikumsaidia. Mke wangu alikuwa amesikiliza kutoka jikoni.

"Umekuwa mkali," akasema.

"Nilikosea?"

Akafikiri. "Hapana. Lakini umekuwa mkali."

Tuna kishamba tunachokodi kwa halmashauri, upande wa Dagenham, miongoni mwa vishamba vingi vya watu wa kila taifa. Mke wangu analima sukuma wiki, kunde na managu, na wanawake kutoka mbali kama Thornton Heath, kusini mwa London, hupanda treni kuja kununua. Jumapili moja baada ya kanisa alibadilisha viatu, akachukua jembe, akaniambia nichukue kisanduku. Alichimba mwenyewe. Nilipotaka kumpokea jembe alinikatalia. Alichimba karibu na mlango mdogo wa waya, na alipofika kina alichokitaka akasimama, akafuta uso kwa kiwiko.

Tukamweka. Mke wangu akasali sala fupi, ya aina anayomwombea mgonjwa anayehamishwa wodi. "Mungu, huyu alifanya kazi. Hatukumlipa vizuri. Amina." Nikafukia. Nililia kwa sauti, na Mturuki wa kishamba cha jirani akavua kofia yake ingawa hakujua tunamzika nani.

Nilitafuta kigae kikubwa cha saruji, vile vya kutandika njiani, nikakichonga kwa patasi jioni kadhaa barazani. Herufi hazikunyooka. Niliandika kwa Kiswahili: ALINUSA MALORI. WATU WAKAISHI. Nikalisimamisha jiwe pale juu ya udongo.

Halikumaliza wiki mbili. Katibu wa vishamba alikuja Jumamosi, kijana mpole, mzaliwa wa hapa hapa, ubao wa kuandikia mkononi. Alisubiri mke wangu amalize kuhudumia wateja, kisha akasema kuna aliyelalamika. Kanuni za vishamba haziruhusu ukumbusho wa aina yoyote.

"Ni jiwe," mke wangu akasema. "Mawe yanaruhusiwa."

"Lina maandishi."

"Unajua yanasema nini?"

"Hapana."

"Basi umejuaje ni ukumbusho?"

Akatabasamu kwa aibu, akanitazama mimi, akitumaini mwanamume atakuwa na busara zaidi. Nilimwambia yanasema nini. Nilimwambia na lori, na lango, na ile meza ya kamati, na ule uzio wenye maua wakati wa machipuko. Nadhani nilisema kwa muda mrefu, na nadhani nilipiga kelele, kwa sababu wanunuzi wa sukuma walisimama na yule Mturuki akaja mpaka kwenye waya. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho. Alionekana kama anayetaka kuwa mahali pengine, lakini alisikiliza, na hilo nampa.

"Pole sana," akasema. "Kweli. Lakini itabidi niripoti. Mtapewa muda wa kuliondoa."

"Ripoti," mke wangu akamwambia. "Tena waandikie vizuri, wasikosee." Akamfungia fungu la kunde kwenye gazeti, akamlazimisha alipokee, na yule kijana akaondoka na ubao wake na kunde zake, amechanganyikiwa.

Watu wema hunishauri niache. Wanasema mbwa hajui kama ana jiwe au hana, na wanasema kweli. Mimi najua. Na wale wazee kule Essex wanajua, na kila Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, wanasimama kwenye ile kona na tarumbeta yao, mbele ya koti la zari, na wanajua.

Siku hiyo hiyo, kabla maduka hayajafungwa, nilikwenda kununua mfuko mdogo wa saruji. Mke wangu akajaza ndoo bombani, akashikilia jiwe liwe wima huku mimi nikikoroga kwenye karai kuukuu. Mkorogo wa kwanza ulikuwa majimaji mno, jiwe likalala upande. Nikaumwaga, nikakoroga mwingine.